Barua Uliyoingoja, Mzee Hilali, Leo Tunakusomea

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu mchana ule wa tarehe 2 Aprili, 1976, ulipomwomba Mama akufungulie dirisha usikie sauti za sokoni, kisha ukanyamaza na hukusema tena. Gazeti lilitupa nafasi ya mistari minane na picha, nasi tumepeleka mistari minane na picha. Haya marefu tumeyaandika wenyewe na kuyabandika hapa dukani, pembeni ya cherehani yako, ili anayekuja kupunguziwa suruali ayasome huku akisubiri. Wewe mwenyewe hukuwa mtu wa mistari minane.

Mikono iliyoandika ni yetu sisi wanao, Dadi na Asia, lakini maneno mengi ni ya Mama. Amekaa mkekani karibu na mlango, anasema na sisi tunaandika, na kila tukijaribu kupamba anatukataza.

Agizo lako la mwisho hatujalisahau. Wiki ile kifua kilipokubana hata ukashindwa kulala chali, ulimshika Mama mkono ukamwambia, "Jibu la Kezia likija, msilifungue kimyakimya mkaliweka. Nisomeeni." Mama akakujibu kwamba utalisoma mwenyewe, uache upuuzi wewe mwanamume. Hukubishana naye, jambo lililomtia hofu kuliko kikohozi.

Basi leo tumekaa kutimiza agizo hilo. Lakini wateja wengine ni wageni mjini, na asiyejua mwanzo hataelewa mwisho, kwa hiyo turuhusu tuanze mbali kidogo.

Ulizaliwa Ujiji, ukaja Kibondo na cherehani moja na maneno mengi, ukapanda hadi Heru kule Kasulu ukamposa Mama, Mwanaamina, binti wa Kiha aliyekuwa hakijui Kiswahili vizuri. Wewe nawe hukujua Kiha. Mama anasema ndiyo maana mlielewana. Chaki ulikuwa ukiiweka nyuma ya sikio na kuitafuta duka zima. Kila nguo ya mtoto iliyopita mikononi mwako ilitoka na mfuko, hata kama mzazi hakuuomba. Ulisema mtoto asiye na mfuko ataweka wapi karanga zake.

Na ulikuwa na desturi moja ambayo wengi hawakuitambua mpaka ulipoondoka. Mtu akisimama mlangoni akakuuliza jambo, mkubwa kwa mdogo, ulisimamisha cherehani kwanza ndipo ukamjibu. Hukupata kumjibu mtu huku ukikanyaga.

Mwaka wa 1972 Warundi walipovuka kukimbia mauaji kwao, walikuja kwa maelfu, wengine na mikeka, wengine na vidonda. Msalaba Mwekundu ukatafuta watu wa kujitolea, nawe ukafunga duka ukaenda. Kitambaa cha mkononi ulijishonea mwenyewe. Pale msikitini wenzako wakakutania kwamba mwaka huu wameona makubwa, Hilali amevaa msalaba. Ukawajibu kwamba uji unaogawiwa hauna dini, na waje wakoroge. Wawili wakaja kweli.

Uligawa mablanketi na maziwa ya unga kama wengine, lakini kazi yako hasa ilikuwa meza ile chini ya turubai, ya kadi za kuwatafuta waliopoteana. Uliipenda kwa sababu una hati nzuri na una masikio. Watu walikueleza habari ambazo hawajamwambia mtu, nawe ulirudi nyumbani ukala kidogo tu.

Kezia alifika mezani pako siku ya tatu tangu avuke. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, mumewe ameuawa, na mkononi ameshika nguo ya kubebea mtoto, mtoto hayumo. Walipofika mto Malagarasi risasi zililia, watu wakatawanyika. Binti yake Uwimana, wa miaka mitatu, alikuwa mgongoni kwa baba mkwe wake, na hao wawili wakachukuliwa na mtumbwi mwingine. Tangu hapo hakuwaona wala kuwasikia.

Akina Uwimana walikuwa wengi kuliko kadi zenyewe, kwa hiyo uliona heri kumtafuta mzee, maana mzee akipatikana mtoto kapatikana. Ukamuuliza Kezia mkwewe anaitwa nani. Akainamisha uso, kisha akasema, "Bigirimana." Ukaliandika, ukapuliza wino ukauke, ukamwambia asubiri.

Wiki chache baadaye malori yakaanza kuwapeleka wakimbizi kwenye makazi mapya upande wa Tabora. Kezia akaja kukuuliza apande au asipande. Maneno uliyomjibu ulikuja kuyajutia mpaka mwisho: "Usiondoke, mwanangu. Kadi imeandikwa Kibondo, jibu litakuja Kibondo." Akakusikiliza kama mtu anavyomsikiliza baba. Akapata pa kulala kwa mjane mmoja wa jirani, akawa analima vibarua, na kila siku ya soko alisimama mlangoni hapa akauliza, "Baba Dadi, halijafika?" Wewe unasimamisha cherehani, unamtazama, unasema, "Bado, mwanangu." Hivyo kwa miaka mitatu.

Sasa hapa Mama anacheka, na anasema tuandike kwamba anacheka.

Kwetu Buha mke hataji jina la baba wa mumewe. Warundi nao ni vivyo hivyo. Si jambo la kufundishwa sana, mtu huliona kwa mama yake na kulishika. Mama tangu umuoe hajalitaja jina la marehemu babu yetu wa Ujiji hata mara moja. Ulipompa kifungua mimba wako jina hilohilo la babu, ukadhani umemkomoa, yeye akamwita Dadi, na mji mzima ukamwita Dadi. Uliwasimulia watu kisa hicho mara mia, na kila mara ulicheka wewe wa kwanza.

Oktoba 1975 balozi wetu wa nyumba kumi, Sylvesta, alikuja na daftari kuandika kaya. Wewe ulikuwa unakata kitambaa, akamwuliza Mama jina la mwenye nyumba na la baba yake. Mama akajibu bila kusita, "Hilali bin Mfaume." Sylvesta akaandika. Ukaangua kicheko ukamwambia afute, aandike Tamimu, na kwamba Mfaume ni jina ambalo mkeo amemtungia mkwewe ili asimtaje. Sylvesta naye akacheka, akasema yeye Muha mzima alipaswa kujua.

Halafu mkasi ukasimama katikati ya kitambaa.

"Mwanaamina," ukasema. "Na Kezia?"

"Kezia amefanya nini?"

"Kezia naye alikuwa mke wa mtu."

Mama akakaa chini palepale. Nyani haoni kundule, Baba. Miaka yote hiyo umeishi na mwiko huo nyumba moja, umeula kwa chai, umeusimulia barazani, na siku mwiko huo ulipokuja mezani pako ukiwa na machozi hukuutambua. Mama naye anajilaumu, kwa kuwa alimjua Kezia na hakuwahi kukuuliza umeandika nini kwenye ile kadi.

Mliondoka duka likiwa wazi. Mlimkuta Kezia shambani na jembe mkononi. Ulipomuuliza kama Bigirimana ndilo jina ambalo mzee alipewa na wazazi wake, aliwatazama kama watu waliochanganyikiwa. Akasema hapana, hilo ni lake yeye la kumwitia tangu aolewe. Alidhani mnajua. Alidhani kwa kuwa Mama Dadi ni Muha, mambo hayo yamekwisha kuelezwa mezani.

Ukamwomba alitaje la kweli, mara moja tu, kwa ajili ya mtoto. "Siwezi, Baba Dadi," akasema. "Nikilitaja leo, siku nikimwona nitamtazama kwa uso gani?"

Mwingine angekasirika. Wewe uligeuka ukamtazama Mama, kwa sababu ulijua hapo umefika mahali ambapo hati nzuri haisaidii. Mama ndiye aliyemuuliza kama hapa mjini hakuna mwingine mwenye jina hilo. Kezia akafikiri, kisha akatupa jembe begani akatangulia.

Aliwapeleka mpaka nje ya mji, njia ya Kasulu, kwenye tanuri la matofali. Akasimama mbali, akamwonyesha mfyatua matofali kwa kidevu, akampa mgongo. Ukamwendea yule bwana na kadi mkononi na kalamu tayari, ukamuuliza, "Ndugu, samahani, unaitwa nani?" Maskini akaanza kuapa kwamba matofali yaliyovunjika si ya tanuri lake. Ukamtuliza, ukamwambia unataka jina tu.

"Ndayiragije," akasema.

Ukamwomba arudie kwa sauti kubwa. Akarudia. Ukageuka kumtazama Kezia, naye bila kugeuka akatikisa kichwa, ndiyo, na mabega yake yakaanza kutetemeka. Mama akaenda akamshika. Yule bwana wa matofali mpaka leo anasimulia kwamba serikali ilikuja na wanawake wawili kumuuliza jina na ikaondoka ikilia.

Tangu siku hiyo ulibadilisha utaratibu wako. Ulizunguka kwa baiskeli kwa akina mama wote waliobaki Kibondo ambao uliwaandikia kadi, na safari hii Mama alikaa kwenye keria. Swali lako la kwanza likawa, "Mama, kuna jina usilolitaja?" Kisha unasogea kando, unawaachia wanawake wenyewe watafute njia. Wengine walileta mtoto alitaje, wengine jirani. Kadi zaidi ya kumi ziliandikwa upya.

Ya Kezia hukutaka kuituma tu. Ulisema uliiharibu kwa mkono wako na utaitengeneza kwa miguu yako. Ilikuwa Novemba, mvua zimeanza, na pumu yako haikupenda baridi. Mama alikwambia usiende. Alikwambia mara tatu, mara ya tatu kwa kupiga kelele, nawe ukapanda lori la maharage ukaenda Kasulu ukiwa umejifunika turubai.

Kule ulimkuta Leonidasi, mwenzako wa kujitolea, ambaye mwaka 1972 alipokea kadi yako ya kwanza na kujibu kwa uaminifu kwamba hapo Kasulu hakuna Bigirimana. Mkafunua daftari zake. Ndayiragije alikuwemo, na mjukuu mmoja ambaye hakuandikwa jina. Walikaa Kasulu wiki tano, wakila uji katika mstari uleule ambao Leonidasi alikuwa anausimamia, kisha wakapanda lori la kwenda Tabora. Kezia angepanda la kwake siku zile, wangekutana huko huko. Maji yakimwagika hayazoleki. Leonidasi anasema ulikaa juu ya gunia ukaficha uso, na alipokuletea chai ulimshukuru ukasahau kuinywa. Kadi mpya ikatumwa siku ileile.

Ulirudi umelowa. Kifua hakikufunguka tena vizuri.

Na sasa, Baba, kuna jambo ambalo Mama ametuamuru tukuambie, kwa kuwa hataki ulisikie kwa mwingine. Ulipokufa, alimchukia Kezia.

Hakumtukana, wala hakumfukuza. Alisema tu moyoni kwamba mwanamke huyu na jina lake wamemlia mume. Kezia alikuja msibani kupika, Mama akasema chakula chake kisiletwe chumbani. Eda ikaisha, Mama hakumsemesha. Kezia hakuuliza sababu. Kila asubuhi aliteka maji akaacha ndoo kwenye mlango wa jikoni, nasi tuliyatumia, na Mama aliyaoga bila kusema ya nani. Miezi kumi ilipita hivyo ndani ya mji huu mdogo ambao mtu akikohoa jirani anampa pole.

Mwezi Februari mwaka huu barua ikafika, imeandikwa jina lako. Mama hajui kusoma, lakini msalaba mwekundu kwenye bahasha aliujua. Hakutuambia. Aliitia kwenye droo ya cherehani, chini ya vibiringo vya uzi, akaiacha humo siku tatu. Anasema alitaka ujue jinsi inavyouma kungoja. Kisha anasema si kweli, aliogopa tu. Barua hiyo ilikuwa kitu cha mwisho ulichokuwa ukikisubiri hapa duniani, na ikifunguliwa, basi huna tena unachosubiri kwetu.

Siku ya nne ilikuwa ya soko. Kezia akasimama mlangoni kama kawaida yake, maana hakuacha kuja hata ulipokufa. Dadi ndiye alikuwa amekaa kwenye kiti chako, ana sare za shule za kumaliza. Kezia akauliza, "Halijafika?" Dadi, naye hakujua lolote, akajibu, "Bado," miguu inakanyaga, macho kwenye sindano.

Mama alikuwa uani anachambua mchele. Anasema neno "bado" hakulisikia hata. Alichosikia ni cherehani ambayo haikusimama.

Akaingia na ungo mkononi. "Simamisha hiyo," akamwambia Dadi. Dadi akasimamisha. Akafungua droo, akaitoa bahasha, akampa Kezia kwa mikono miwili. "Limefika," akasema. "Mimi nililificha. Unisamehe, mdogo wangu." Kezia akapiga magoti, Mama akapiga magoti, mchele wote ukamwagika, na tukawaacha kuku waule.

Asia ndiye aliyesoma. Leo anasoma tena, kwa sauti, kama ulivyoagiza. Dadi amesimamisha cherehani. Sikiliza, Baba.

"Kwa Ndugu Hilali, Kibondo. Kuhusu kadi yako ya Novemba 1975. Tunafurahi kukuarifu kuwa mtajwa, Mzee Ndayiragije, amepatikana katika makazi ya Ulyankulu, Tabora. Ni mzima, analima. Anaishi na mjukuu wake wa kike, Uwimana, ambaye yuko darasa la kwanza. Mzee hakuwahi kuandikisha kadi ya kumtafuta mkwewe kwa kuwa aliamini alizama mtoni, na alikwisha kumwombea misa. Tunaomba umjulishe Kezia. Samahani kwa kuchelewa."

Hilo ndilo jibu. Asia alipofika kwenye jina la mzee, Kezia aliinamisha kichwa, na Mama pia aliinamisha, kwa heshima ya mkwe ambaye si wake.

Dadi alimsindikiza Kezia mpaka Ulyankulu, kwa lori hadi Kigoma na kwa treni hadi Tabora. Anasema mtoto alijificha nyuma ya mlango, hakumjua mama yake, na ilichukua siku mbili mpaka akubali kulala naye. Mzee alitaka kujua wamempataje baada ya miaka yote hii. Kezia akamweleza kisa chote, kadi ya kwanza, malori, tanuri la matofali. Mzee akacheka mpaka akakohoa, kisha akalia. "Ungenitaja tu, mwanangu," akamwambia. "Nisingekasirika." Kezia akajibu kwamba hata sasa hawezi.

Kezia atahamia kwa mzee baada ya mavuno, na mtoto atarudi naye. Lakini leo wako hapa, wamekuja kwa ajili yako. Uwimana ana miaka minane, kapoteza meno mawili ya mbele, na jina la babu yake analitamka kutwa nzima bila wasiwasi, mama yake akiinamisha uso kila mara na kutabasamu. Mama amemkatia gauni kwenye kipande kile cha kitambaa ulichokiacha na mkasi ndani yake. Dadi amelishona jana. Hakuna aliyemwambia, lakini ameliwekea mfuko, na sasa hivi umejaa karanga.

Wanaokukumbuka ni mkeo Mwanaamina, mwanao Dadi, ambaye jina lake la kweli amejiandikia mwenyewe hapa, Tamimu bin Hilali, kwa sababu Mama amekataa kututajia, na mwanao Asia. Wanakukumbuka pia balozi Sylvesta, rafiki yako Leonidasi wa Kasulu, bwana wa matofali, ambaye ameomba atajwe, Kezia uliyemwita mwanao, Mzee Ndayiragije aliye mbali, na Uwimana ambaye hukumwona.

Umesomewa, Baba. Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema. Sisi hapa, mtu akisimama mlangoni akauliza jambo, tutasimamisha cherehani kwanza ndipo tumjibu, na kwa kimya hicho kidogo tutakukumbuka siku zote.